Zana za utafiti zilizozaliwa vyuo vikuu: uchague ipi ukiwa Iringa au Mbeya?

Mwenye haraka aanze hapa. Ukitafuta makala na tasnifu za kusoma bure, fungua CORE, halafu BASE. Google Scholar ibaki ya kufuatilia nani kamrejelea nani. Ukitaka kutunza ulichokipata, weka Zotero. Ukitaka linki zako zisife kabla ya siku ya kutetea tasnifu, tumia Wayback Machine, isipokuwa kama chuo chako kimejiunga na Perma.cc. Na ukikutana na makala ya kulipia, mwone mkutubi umuulize habari za Research4Life, mpango wa kuzifungulia taasisi machapisho ya kulipia, kabla hujatoa hata senti.

Hayo ni majibu kwa mwanafunzi wa kawaida wa Nyanda za Juu Kusini. Yuko MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) kule Iyunga, au Mkwawa, au Chuo Kikuu cha Iringa. Ana simu ya Android, ana kompyuta mpakato yake au ya kuazima, na bando ananunua mwenyewe. Ukibadilisha kimojawapo kati ya hivyo, majibu nayo yanabadilika, na hapo ndipo ulinganisho wenyewe unapoanza.

Kwanza, ipi itakuwepo mwakani?

Zana nyingi za aina hii zilianza kama majaribio. Mkutubi na mtaalamu wa kompyuta wanapata wazo, wanaomba ruzuku, wanatengeneza kitu na kukiweka mtandaoni watu wakijaribu. Ruzuku ikiisha au mmoja wao akihama kazi, kitu kinabaki hakina mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa LibX. Iliundwa Virginia Tech, Marekani, na mkutubi Annette Bailey pamoja na Godmar Back wa upande wa kompyuta. Kilikuwa kiendelezi, yaani kipande kidogo cha programu unachokiongeza kwenye kivinjari. Ukifungua ukurasa wa kitabu kwenye duka la mtandaoni, kialama kidogo kinajitokeza, ukikibofya kinakupeleka kwenye katalogi ya maktaba ya chuo chako kuona kama kitabu kipo. Kila maktaba iliweza kujitengenezea toleo lake, na nyingi zilijitengenezea. Halafu vivinjari vikabadilika: Novemba 2017 Firefox toleo la 57 liliacha kupokea viendelezi vya mtindo wa zamani. Leo LibX haitunzwi tena. Haikufa kwa ubovu. Ilikuwa imeegemea kivinjari cha watu wengine na mikono michache ya kuitunza.

Sasa ilinganishe na DSpace, programu ya kuendeshea hazina za kidijitali za vyuo, iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT zikishirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Nayo lilikuwa jaribio. Lakini msimbo wake uliachwa wazi, vyuo vya nchi nyingi vikauchukua na kuutunza kwa pamoja, na hata MIT ingejitoa kesho kazi ingeendelea. Ukifungua hazina ya kidijitali ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, kusoma tasnifu ya kilimo, unatumia DSpace bila hata kujua.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza siyo uzuri wa zana wala wingi wa vitufe vyake. Nauliza: siku nikiondoka, au siku yenyewe ikiondoka, nitatoka na vitu vyangu? Zana inayokuruhusu kuhamisha marejeo yako kwa faili la RIS au BibTeX, miundo ambayo zana nyingi za marejeo huisoma, hata ikifungwa haikupotezei kazi. Isiyokuruhusu, itumie kutazama tu, usihifadhi kitu ndani yake.

Kutafuta: CORE, BASE na Google Scholar

BASE inaendeshwa na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, tangu 2004, mwaka ule ule ambao Google Scholar ilianza. CORE ilikuja 2011 kutoka Open University ya Uingereza, chini ya mtafiti Petr Knoth. Zote tatu ni bure, na zote tatu zina kisanduku kimoja cha kuandikia. Wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja, nao hukosa nusu ya kinachopatikana.

BASE kwa kawaida hupekua taarifa za kazi: kichwa, mwandishi, ikisiri, maneno makuu, mwaka. Matini yenyewe haiingii. CORE na Google Scholar huingia hadi ndani ya matini.

Chukua mfano wa karibu. Unaandika juu ya wakulima wa maharage wa Mbozi, na unataka kila mahali ilipotajwa Uyole 96, mojawapo ya mbegu zilizotoka kituo cha utafiti cha Uyole. Tuseme kuna tasnifu ambayo kichwa chake kinataja "mbegu bora za maharage" tu, ikisiri nayo hivyo hivyo, na jina Uyole 96 limejificha kwenye jedwali la sura ya nne. BASE itapita juu yake. CORE, ikiwa na faili hilo, italikamata. Google Scholar pia. Kwa anayetafuta jina la mbegu, la kijiji, la dawa au la mradi, BASE haifai kuwa ya kwanza.

Geuza swali. Sasa unataka tasnifu za uzamili tu, kutoka vyuo vya Afrika, kuanzia 2015, zinazosomeka bure. Hapa Google Scholar inakuacha unabahatisha, maana haina kichujio cha tasnifu. Unaongeza neno "tasnifu" kwa Kiingereza na kuomba Mungu. BASE inakuruhusu kuchagua aina ya kazi, bara au nchi ya chanzo, miaka, na kubakiza zilizo wazi peke yake. Katika kuandika sura ya mapitio ya machapisho, ambapo msimamizi atakuuliza umetafutaje na umeacha nini, uwezo huo una thamani kuliko wingi wa matokeo.

BASE ina heshima nyingine ambayo Google Scholar haina: inaonyesha orodha ya vyanzo vyake hadharani. Ingia, angalia kama hazina ya chuo chako imo. Kama haimo, kazi za kaka na dada zako waliotangulia hazitatokea hapo hata ukiandika vichwa vyake neno kwa neno, na mtu wa mbali atadhani hazipo. Basi fungua hazina ya chuo moja kwa moja, usiishie kwenye injini. Fungua na AJOL pia, jukwaa la majarida ya Afrika lililoko Afrika Kusini, ambako majarida kadhaa ya Tanzania yamewekwa.

Kwa nini basi naiweka CORE mbele? Kwa sababu ya umeme na seva. CORE haikuelekezi tu kwa chuo chenye makala. Faili nyingi inazo kwenye hifadhi yake yenyewe. Hazina ya chuo fulani ikiwa imelala, na kwetu hulala, nakala ya CORE bado inafunguka. Lakini ina kero zake. Kazi moja inaweza kutokea mara kadhaa kwa sababu imetoka hazina tofauti. Na mara nyingi unachopewa ni mswada wa mwandishi uliokubaliwa na jarida kabla ya kupangwa kurasa. Maudhui kwa kawaida ni yale yale, namba za kurasa siyo. Ukinukuu "uk. 7" kutoka kwenye mswada wakati jarida lilianzia ukurasa wa 112, mtahini makini atakuona.

Google Scholar nayo ina jambo moja linaloniweka kwake: kile kiungo cha kuonyesha waliorejelea kazi fulani. Umepata makala nzuri ya 2009 juu ya mbolea Njombe? Bofya hapo uone nani aliibeba, nani aliipinga. Pia inakuonyesha hata makala za kulipia, kwa hiyo unajua zipo. Ubaya wake kwenye Wi-Fi ya chuo ni kwamba mkiwa wengi kwenye mtandao mmoja itaanza kukudai uthibitishe kwamba wewe siyo roboti, picha za taa za barabarani moja baada ya nyingine.

Anayesoma historia apindue mpangilio wangu wote: BASE kwanza. Maktaba za Bremen na Frankfurt zimeweka mtandaoni machapisho mengi ya enzi za ukoloni wa Kijerumani, na injini iliyojengwa na maktaba ya Kijerumani inakufikisha huko kirahisi. Ila uandike kama walivyoandika wao. Mkwawa kwenye maandishi yao mara nyingi ni "Quawa". Nchi ya Wahehe ni "Uhehe". Tukuyu ni "Neu-Langenburg". Unyakyusa wengi waliuita "Konde". Mtu anayeandika juu ya vita vya Lugalo, Agosti 1891, akatafuta kwa tahajia ya leo peke yake, atapata zaidi waliosimulia baadaye na atawakosa waliokuwepo. Fuvu la Mkwawa lenyewe lina njia ndefu: lilitajwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi Kalenga 1954, na maandishi ya katikati ya miaka hiyo yako ya Kijerumani na ya Kiingereza. Jaribu pia Hehe, Wahehe na Kihehe kila moja peke yake. Mashine hizi hazijui kwamba ni ukoo mmoja.

Kuna na Open Knowledge Maps, ya Austria. Unaandika mada, inachukua kazi 100 zinazokaribiana nayo kutoka BASE au PubMed (ya machapisho ya tiba) na kuzichora kama mapovu yaliyopangwa kwa mada ndogo. Inafaa wiki ile ambayo bado hujui mada yako inaelekea wapi. Kwenye simu inabanana. Baada ya hapo sioni haja ya kurudi.

Makala ya kulipia

Ukurasa unakudai dola 35 kwa makala moja. Usilipe. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata Research4Life bila malipo, na ndani yake kuna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Anayejisajili ni taasisi, siyo wewe, kwa hiyo nywila iko kwa mkutubi. Mfuate. Wakutubi wetu wanakaa na funguo ambazo hakuna anayeziulizia, huku wanafunzi wakitumiana PDF za wizi kwenye makundi ya WhatsApp. Ukipewa nywila usiitupe kwenye kundi. Wachapishaji wakiona imesambaa wanaweza kuifungia taasisi nzima.

Njia ya pili ni kumwandikia mwandishi mwenyewe barua pepe. Wengi hufurahi kuombwa.

Kutunza: Zotero au Mendeley

Kwa hili sina ugumu wa kuchagua, lakini nieleze, maana Mendeley ina wapenzi wengi hapa kwetu na si bila sababu. Inakupa hifadhi ya GB 2 bure. Zotero inakupa MB 300. Ukiangalia namba hizo tu, Mendeley imeshinda.

Tazama historia. Zotero ilitoka Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia, mwaka 2006, kwenye kituo cha wanahistoria waliochoka kuandika marejeo kwa mkono. Msimbo wake uko wazi. Mendeley ilianza kama kampuni changa, ikanunuliwa na mchapishaji mkubwa Elsevier mwaka 2013. Machi 2021 programu yake ya simu iliondolewa. Mwaka uliofuata ile programu ya zamani ya kompyuta ikaacha kutolewa, ikaja nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2018, faili la ndani linalobeba marejeo ya mtumiaji lilianza kufungwa kwa msimbo wa siri, na zana nyingine zikashindwa kulisoma moja kwa moja. Rudi kwenye kipimo cha mwanzo: mlango wa kutokea ulikuwepo, ila ulibanwa.

Na zile MB 300? Zinahusu mafaili tu. Taarifa za marejeo, maelezo yako na vitambulisho (tags) havihesabiwi, hata yakiwa maelfu. PDF za MB 2 kila moja zitajaza nafasi hiyo zikifika kama 150, ambazo kwa shahada ya kwanza ni nyingi. Ukizidi, ingia kwenye mipangilio ya ulandanishaji (sync), ondoa alama kwenye mafaili, acha marejeo yaendelee kupanda. PDF zibaki kwenye kompyuta. Kila wikiendi funga Zotero, nakili folda yake nzima kwenye flashi, na flashi isikae kwenye mkoba mmoja na kompyuta. Wezi hawachagui.

Faida kubwa kwa mtu wa bando ni kwamba Zotero inakaa kwenye kompyuta yako. Ukishakusanya mchana kwa Wi-Fi ya chuo, usiku unaandika Gangilonga au Soweto bila mtandao, unachomeka marejeo kwenye Word au LibreOffice, na orodha ya mwisho inajipanga kwa APA au mtindo wowote idara yako inaoutaka. Tangu 2019 inakuonya pia kama makala uliyohifadhi imefutwa na jarida. Hilo peke yake linaweza kukuokoa mbele ya watahini.

Usiiamini kwenye majina. Taarifa zinazovutwa kutoka hazina za vyuo mara nyingi zina jina la kwanza mahali pa ukoo, au herufi kubwa kichwa kizima. Ukihifadhi kitu, kitazame palepale. Kurekebisha kimoja ni sekunde chache. Kurekebisha tasnifu nzima usiku wa kuamkia kukabidhi ni adhabu.

Linki zisife: Perma.cc au Wayback Machine

Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walikagua majarida ya sheria ya Harvard na hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani. Zaidi ya asilimia 70 ya linki kwenye majarida hayo, na asilimia 50 ya zile za hukumu, hazikuonyesha tena kile kilichorejelewa. Perma.cc ilizaliwa 2013 kutokana na tatizo hilo, kwenye maktaba ya shule ya sheria ya Harvard. Unaipa anwani, inapiga nakala ya ukurasa na picha yake, inakupa linki fupi mpya ya kuweka kwenye marejeo.

Ubora wake ni kwamba nyuma yake kuna maktaba zilizoapa kutunza. Tatizo ni mlango wa kuingilia: taasisi za elimu huipata bure zikijisajili, mtu binafsi hupewa viungo vichache vya kujaribia, kisha analipia. Kwa kitivo cha sheria, kwa mfano, ningemshawishi mkutubi ajisajili leo. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja, nenda kwenye ukurasa wa kuhifadhi wa Wayback Machine, bandika anwani, subiri. Hakuna kujisajili, hakuna malipo.

Wayback nayo si mwamba. Oktoba 2024 Internet Archive, inayoiendesha, ilishambuliwa na wadukuzi ikawa nje ya mtandao kwa siku kadhaa. Kurasa zinazotaka nywila haizishiki, na zenye michoro inayojibadilisha huzishika nusunusu. Ndiyo maana kwa chanzo ambacho hoja yako yote inakitegemea, tuseme taarifa ya bei za mahindi au hotuba ya bajeti kwenye tovuti ambayo muundo wake hubadilishwa mara kwa mara, hifadhi Wayback na pia bonyeza Zotero ikuwekee nakala ya ukurasa kwenye kompyuta yako. Njia mbili, dakika moja.

Kama una simu tu

Hapo Zotero ya kompyuta haikusaidii leo. Kuna programu yake ya Android, na unaweza kuingia akaunti yako kupitia kivinjari, lakini kuchomeka marejeo ndani ya Word kunadai kompyuta. Tafuta kwa CORE na Google Scholar, zote zinafunguka vizuri kwenye kioo kidogo. Soma ikisiri kwanza kabla ya kushusha faili. Bando si la kushusha kila kitu.

Kwa marejeo tumia ZoteroBib, kwenye zbib.org, ya watu wale wale wa Zotero. Haina akaunti. Unabandika anwani ya makala, namba yake ya DOI au ISBN ya kitabu, unapewa rejeo lililopangwa, unalinakili. Vilivyokusanywa vinakaa ndani ya kivinjari unachotumia. Kwenye simu yako ni sawa. Kwenye kompyuta ya stesheneri ya Kihesa au Mwanjelwa, jitumie orodha kwa barua pepe, ifute pale kwenye ukurasa, ndipo umlipe mwenye duka.